Vyuma, Yoga na Mzigo wa Kuni wa Mama Mburu

Nimestaafu mwezi uliopita. Ufunguo wa ukumbi wetu wa mazoezi pale Kimbo, Ruiru, nimewaachia ninyi walimu vijana, pamoja na vyuma, mikeka, spika moja inayokohoa na feni ambayo haizunguki mpaka uipige kofi upande wa kushoto. Mmeniomba niandike machache kuhusu miaka yangu ya kazi. Hilo neno machache limenichekesha. Mtu aliyetoka Gitothua na begi moja, akafanya kazi Doha, akarudi na diploma ya mazoezi ya mwili yenye muhuri unaong'aa, huyo hana machache. Lakini nitajizuia. Mambo ya vyeo na mishahara sitayagusa kabisa, maana pale ukumbini nilikuwa mkurugenzi, mwalimu, mhasibu na mfagiaji kwa pamoja, na sikumbuki kumpandisha cheo hata mmoja wao.

Siku yangu ya kwanza kazini Doha sikugusa chuma. Niligusa taulo. Hoteli ilikuwa na vyumba viwili vilivyopakana, kimoja cha kupiga vyuma, kingine cha yoga, na mimi nilipeleka taulo kote kuwili. Kwenye vyuma wanaume walinguruma kama lori linalopanda mlima na gia mbaya. Kwenye yoga watu walinyamaza mpaka ukasikia kiyoyozi kikifikiria. Hakuna aliyevuka kwenda upande wa pili. Wa vyuma walisema yoga ni kulala ukiwa umevaa nguo za kubana. Wa yoga walisema vyuma ni hasira. Mimi peke yangu ndiye niliyevuka, kwa sababu ya zile taulo, na ndiyo maana niliona jambo ambalo mameneja na vyeti vyao hawakuliona: wenye misuli walishindwa kuinama wafunge kamba za viatu, na waliolainika walishindwa kubeba mabegi yao mpaka kwenye teksi.

Aliyekubaliana nami alikuwa mwalimu wa yoga, mtu mfupi wa Sri Lanka aitwaye Suresh. Alishapita miaka hamsini, lakini aliweza kunyanyua chuma kizito kuliko yeye mwenyewe, kisha akaketi chini kama mtoto anayecheza mchangani. Ndiye aliyenisukuma nikasomee diploma, na jioni baada ya taulo kwisha akanifundisha kazi yenyewe. Vyuma kwanza, kunyoosha viungo baadaye, misuli ikiwa na joto. Usizuie pumzi, inua ukitoa hewa. Na la tatu, ambalo alilipenda kuliko yote, uso uwe laini. Alisema uso ukijikunja, mwili wote unadhani kuna vita. Nikikunja uso alinigonga paji kwa kidole. "Uso, Kariuki, uso!" Baada ya mwaka mmoja niliweza kuinua chuma cha kutisha huku nikionekana kama mtu anayesikiliza utabiri wa hali ya hewa.

Niliporudi nyumbani, watu walitarajia nijenge ploti ya nyumba za kupangisha au nifungue duka la simu, kama wanavyofanya wengi wanaotoka Uarabuni. Mimi nikakodi ukumbi Kimbo, juu ya duka la dawa za mifugo. Wateja wangu wa mwanzo walinuka dawa ya kupe kabla hata ya kutoa jasho. Vyuma nilivitengeneza kwa mikono yangu: bomba la maji, na kila upande mkebe wa rangi uliojazwa saruji. Mkebe wa kushoto ulimzidi mwenzake kidogo, kwa hiyo wote nilioanza nao wana bega moja lenye maringo. Mkikutana nao sokoni Ruiru mtawajua.

Vijana wa hosteli za Kahawa Wendani walikuja, wakajipiga picha, wakapotea. Waliobaki ni watu wa makamo, na hao ndio mtakaoishi nao, basi nisikilizeni vizuri. Mtu akivuka arubaini, misuli huanza kuondoka kimyakimya, kama mpangaji anayehama bila kuaga. Ukimpa yoga peke yake atalainika lakini hataweza kubeba mtungi. Ukimpa vyuma peke yake ataubeba mtungi lakini hatageuka kuangalia nani anamwita. Mpe vyote viwili. Mwulize habari ya presha na magoti kabla hujamgusa, na akikwambia goti linaongea, lisikilize wewe, usimwambie yeye alinyamazishe.

Majina ya mikao ya yoga pia yalinipa kazi. Kuna mkao wa mbwa anayejinyoosha, akina mama walikataa kuwa mbwa, tukauita "kutafuta kijiko chini ya kabati." Kuna wa ng'ombe na paka; ng'ombe walimkubali mara moja, paka wakamkataa kwa kuwa hana faida. Ule wa mwisho, wa kulala chali kama maiti, tuliuita "Jumapili mchana," na hapo wakaanza kuwahi darasani. Suala la kanisa, kwamba yoga ni ibada ya kigeni, najua mnalingoja. Pasta alikuja kukagua, nikamnyoosha, mgongo ukaachia, na tangu hapo alipouliza kitu aliuliza saa ya darasa tu.

Sasa niwaambie kuhusu Mama Mburu, kwa sababu ndiye kazi yangu ngumu kuliko zote, na mkiniuliza, ndiye kazi yangu bora.

Mama Mburu aliuza mapazia sokoni Ruiru. Alikuja ukumbini na rafiki yake Mama Auma, mzaliwa wa Siaya, aliyeuza omena, wale dagaa wa ziwani, kibanda cha jirani. Mama Auma alisema amekuja kumsindikiza tu. Alimsindikiza kwa miaka.

"Mwalimu," Mama Mburu akasema, "mimi sitaki kupunguza tumbo. Mimi na tumbo tumeelewana."

"Unataka nini basi?"

"Nataka kubeba kuni."

Nikamwambia gesi inauzwa hapo chini, karibu na stage ya matatu.

"Mwalimu, wewe ulikaa kwa Waarabu mpaka ukasahau kwenu? Nasema kuni za itega."

Sikuwa nimesahau. Siku ya itega, wanawake wa upande wa kijana huenda nyumbani kwa msichana na zawadi: unga, ndizi, vyombo, na kuni. Kuni hubebwa mgongoni kwa ukanda wa ngozi unaopita kwenye paji la uso. Siku hizi wengi hubeba vijiti vichache vya kupigia picha, lakini Mama Mburu ni mtu wa mambo kamili. Mwanawe wa kwanza alipooa, alibeba mzigo mzima, akafika mbele ya mama ya msichana, akapiga magoti autue. Kuutua akautua. Kusimama ndiko kulikokataa.

"Wanaume wawili walitoka kwa hema," akasema, "wakanishika huku na huku, wakaniinua kama kabati."

"Na hilo ndilo jina lake huko," Mama Auma akaongeza. "Kabati."

"Hata kwa matanga, Mwalimu! Mtu analia machozi, akiniona anapanguza macho, anasema, 'Haiya, Kabati amefika.'" Hakuwa anacheka. "Sasa Ndung'u wangu anaoa Desemba. Msichana ni wa Ngoingwa, Thika, na hao watu wameshasikia. Nikiinuliwa tena, huyo mtoto ataingia kwangu akijua mama mkwe ni fanicha. Nataka kupiga magoti na mzigo wangu, niutue, na nisimame mwenyewe. Mkono wa mtu usiniguse."

Mnaona uzito wa jambo lenyewe. Huyu hakutaka mikono ya kuonyesha watu. Alitaka heshima nyumbani kwa wakwe.

Tulianza na vyuma, na kwa kuwa mwalimu alikuwa mimi, nguvu zilikuja haraka. Aliinua ile mikebe ya saruji kutoka sakafuni, mgongo umenyooka, visigino chini, mpaka Mama Auma akaanza kumwita winchi. Lakini nilipomwambia apige magoti, alishuka kwa vituo, kama lifti mbovu, na akikwama katikati alibaki hapo akitazama dirishani. Nyonga zilikuwa zimekaza. Basi nikaingiza yoga kama Suresh alivyonifundisha: tunainua kwanza, kisha tunanyoosha misuli ileile iliyofanya kazi. Akishika mikebe anapiga hatua ndefu mbele, goti la nyuma linashuka taratibu. Akiweka mikebe chini anabaki katika mkao uleule, mikono juu, anapumua. Mkao huo vitabu vinauita wa shujaa. Sisi tuliuita "kuzuia ndama asitoke." Magotini nilimwekea mapazia yake mwenyewe yaliyokunjwa, rundo nene, na kila alipozoea nikachomoa pazia moja. Mwishowe alikuwa anapiga magoti juu ya saruji tupu na kuinuka kama mtu aliyeitwa kwa chai.

Vyuma vikamfikisha hapo, lakini kuni si vyuma. Kuni zinayumba, zinachoma, zina nia yao. Ikabidi alete mzigo wenyewe na ukanda wenyewe, tukawa tunatembea barabara ya Kimbo, yeye mbele amebeba, mimi nyuma nikitoa maelekezo, Mama Auma kando akila njugu. Watu wa bodaboda walifurahi sana.

"Mathe, gesi imepanda tena?"

"Gesi iko," Mama Auma akawajibu. "Hizi ni za kuchoma mdomo yako."

"Na huyu mzee anafuata nyuma ni wa nini? Ni moshi?"

Mtu wa diploma hajibizani barabarani.

Tatizo la mwisho lilikuwa makelele. Mama Mburu alipobeba alilia, akaguna, akamwita Ngai, yaani Mungu, akamwita marehemu mama yake, akauma midomo. Nikamgonga paji kwa kidole kama nilivyogongwa mimi. "Uso, Mama Mburu, uso!" Kidogo kidogo akanyamaza. Hewa ikatoka puani polepole, macho yakatulia. Kufikia Novemba alibeba mzigo ule, akapiga magoti, akasimama, na uso wake haukusema lolote.

"Anafanana mtu anangoja lifti," Mama Auma akasema.

Nikamwambia huo ndio ufundi.

Siku ya itega niliwapeleka Ngoingwa kwa pikapu yangu. Ile ni shughuli ya wanawake, wanaume huwa pembeni, kwa hiyo nilijipanga ukutani na madereva wengine, mahali pa kuonea vizuri. Kundi letu liliimba langoni, wenyeji wakachelewa kufungua makusudi kama desturi ilivyo, wakajibizana kwa nyimbo, lango likafunguka. Mama Mburu akaingia wa kwanza. Ukanda kwenye paji, mzigo mgongoni, hatua moja baada ya nyingine. Niliangalia visigino vyake tu. Nikasikia mwanamke wa upande wa wenyeji akinong'ona, "Ndiye huyo? Kabati?" Moyo wangu uligonga kuliko siku ya mtihani wa diploma.

Akafika mbele ya mama ya msichana. Akashuka. Goti moja, la pili, mzigo ukagusa nyasi bila kishindo. Akatoa ukanda kichwani, akapumua, akaweka mguu mbele, akasimama. Mkono wa mtu haukumgusa. Na uso wake ulikuwa mtulivu kama sahani.

Nilikuwa nimeshainua mikono kupiga makofi. Hakuna mwingine aliyepiga.

Vigelegele havikuja. Wanawake wa Ngoingwa walitazamana. Kisha akatokea shangazi ya msichana, wote wakimwita Tata Nyokabi, mama mpana wa mabega, sauti ya kuongoza kwaya bila maikrofoni. Akauzunguka ule mzigo kama anayekagua ng'ombe.

"Athoni," akasema, neno la kuwaita wakwe, "mmetuletea kuni ama vibiriti?"

"Ni kuni, Tata," Mama Mburu akajibu.

"Mtu anabeba kuni hivi? Hajatoa hata jasho. Hajasema hata 'uui.' Mimi nilibebewa kuni siku yangu, mama mkwe alilia kutoka barabarani mpaka jikoni, na sisi tukajua tunapendwa." Akageukia wenzake. "Huyu ametembea kama ametumwa chumvi. Hizi ni za ndani tupu. Msichana wetu ni wa kuletewa mzigo wa hewa?"

Minong'ono ikazidi. Mama ya msichana akatazama chini. Mzigo mwepesi nyumbani kwa wakwe si mzaha. Maana yake mmemdharau binti yao, na safari inaweza kurudishwa langoni ianze upya siku nyingine, na aibu ikaenda mbele yenu mpaka Ruiru. Mama Mburu alitoka kuitwa kabati, sasa anaitwa mdanganyifu. Na sababu ni ule uso wangu laini. Wengine wangeliita hilo kosa la mwalimu. Mimi nasema ni ufundi uliopita kiasi, na sibadilishi neno.

Aliyetuokoa alikuwa Mama Auma.

"Dada yangu," akamwambia Tata Nyokabi, "kama ni hewa, si ubebe tu upeleke jikoni? Itakuchukua dakika ngapi?"

Wanawake wakacheka. Tata Nyokabi hakuwa mtu wa kurudi nyuma. Akafunga leso kiunoni, akachuchumaa, akaweka ukanda kwenye paji, akavuta. Mzigo ulitulia palepale. Akavuta tena, mgongo umepinda kama ndoano, visigino hewani, pumzi imefungwa, mishipa ya shingo imesimama. Na hapo akakwama, si juu si chini.

Ndugu zangu, kuna mambo ambayo mtu aliyesomea hawezi kuyatazama. Mgongo ule ungekatika mbele ya macho yangu.

"Visigino chini!" nikapiga kelele kutoka ukutani. "Kifua mbele! Toa pumzi, mama, toa pumzi!"

Boma zima likageuka. Tata Nyokabi, kwa kushtuka, alifanya nilivyosema, pumzi ikatoka, akakaa nyasini salama, ukanda ukamwangukia shingoni.

"Huyo ni nani?" akauliza akihema.

Nikapiga hatua mbele. Nikavuta shati. Jina langu kamili, masomo yangu, Doha, yote yalikuwa mdomoni. Kisha nikamwona Mama Mburu. Alikuwa akinitazama, na safari hii uso haukuwa laini hata kidogo. Nikaelewa. Watu wa Ngoingwa wakisikia mama mkwe ameletwa na mwalimu wa mazoezi, kwamba kuna mtu alikuwa nyuma yake Kimbo nzima akimwambia weka mguu hapa, watasema hakusimama mwenyewe.

"Huyo?" Mama Mburu akasema. "Huyo ni dereva tu."

Nikarudi ukutani. Msiniulize nilijisikiaje.

"Basi ni kuni," Tata Nyokabi akasema akiwa chini, akipapasa mgongo. "Ni kuni za ukweli. Lakini sasa nani ataziondoa hapa?"

Mama Mburu akachukua ukanda. Akachuchumaa, mgongo sawa, akauweka kwenye paji, akatoa hewa, akasimama na mzigo wote. Halafu, kabla hajapiga hatua, akafungua kinywa.

"Uuuui! Mgongo wangu! Ngai wakwa! Ndung'u, unaniua mtoto wangu!"

Hapo vigelegele vilipasuka. Wanawake wa Ngoingwa waliruka, wakaimba, wakamzunguka. Akapanda nao mpaka jikoni akilia kama anayejifungua mapacha, mkono kiunoni, kichwa kikitikisika, na mimi nikiwa ukutani niliona visigino vikigusa chini sawasawa, goti halitetemeki, na kati ya uui na uui hewa inatoka puani polepole. Alitua jikoni, akasimama mwenyewe, akawageukia. Mama ya msichana akamkumbatia akamwita kwa jina lake, Wanjiru, mbele ya wote.

Wakati wa hotuba aliulizwa nguvu hizo alizitoa wapi. Akashukuru Mungu, nduma za kuchemsha anazokula asubuhi, na damu ya ukoo wao. Mama Auma alitikisa kichwa kukubali kila kimoja. Mimi nililetewa supu pamoja na madereva, na kwa haki niseme ilikuwa supu nzuri.

Jioni tulipokuwa tunapakia vyombo, Tata Nyokabi alikuja kwenye pikapu akitembea upande upande. Akaegemea mlango.

"Dereva," akasema, "hayo maneno ya visigino na pumzi umeyajulia wapi?"

Mama Mburu alikuwa tayari ameketi mbele. Niliona mkono wake umekaza kwenye mkoba.

"Kwa kuendesha gari, Tata," nikajibu.

"Haiya. Na madereva wote wa Ruiru wanajua hayo?"

Nikamtazama Mama Mburu, nikawasha injini.

"Hapana," nikasema, maana kuna kiasi ambacho mwanaume anaweza kujinyima. "Ni wale wazuri peke yao."